Chumba cha Nyuma cha Vichwa Viwili

4 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Usishtuke kuona bahasha nene, hakuna msiba. Baba yupo, anakula, anagombana na redio kama kawaida yake. Macho ndiyo yamekwisha kabisa. Hata mwanga wa dirishani hauoni tena, na siku hizi ananitambua kwa mlio wa viatu.

Nina jambo ambalo ni wewe tu unayeweza kunisaidia. Nataka kumjengea Baba Vichwa Viwili.

Cheka kwanza, umalize. Mtengeneza meno ya bandia anataka kujenga kichwa cha treni! Lakini vifaa ninavyo vyote: nta, plasta, waya, msasa mwembamba, tanuri dogo la kuyeyushia shaba. Mtu akishaweza kuchonga gego likamkaa mwenyewe asilalamike, gurudumu halimshindi. Nimekwisha kupiga hesabu ya vipimo. Kila sentimita ishirini za kichwa chenyewe zitakuwa sentimita moja kwangu, kwa hiyo kitakuwa na urefu wa mkono wangu, kutoka begani hadi ncha ya vidole. Kitakaa mapajani mwake akipapase.

Tatizo ni kwamba vichwa vya aina ile vilitengenezwa vitatu tu. Viwili vilikatwa vyuma chakavu kabla sijazaliwa, na cha tatu ndicho hicho cha Baba, kilichokatwa baada ya ajali. Michoro haipo popote. Nilikwenda mpaka kwenye stoo ya makaratasi ya reli, nikatoka na mafua. Umebaki wewe, uliyekuwa fundi wake wa breki, uliyelala chini ya tumbo lake miaka yote ile.

Sasa nikwambie kwa nini. Baba akikaa kwenye kiti chake mchana, mkono wa kulia unavuta. Unavuta kitu ambacho hakipo, polepole, kisha kwa nguvu. Nilidhani ni ugonjwa mpya. Juzi nikamwuliza, akasema, "Navuta breki. Navuta kila siku, nione kama kweli nilichelewa."

Miaka ishirini na sita, Baba Mdogo! Kamati ya uchunguzi wa ajali ilisema breki zilikutwa nzima na dereva ndiye aliyechelewa kuzivuta, naye akawaamini. Yule msaidizi wake aliyefia pale ukutani, mwisho wa reli, anamtaja kama mtu aliyetoka kwenda dukani. Na daktari wa moyo amenivuta pembeni, akaniambia nisipange mambo ya mwakani. Sitaki Baba aondoke huku anavuta hewa. Nataka aushike ule mkono wa breki, akae tena mle ndani kwa vidole vyake, pengine atakumbuka sawasawa alichofanya.

Nichoree kila unachokumbuka. Najua unakumbuka kila kitu.

Mwanao,
Fundi Meno

15 Februari

Mwanangu Fundi Meno, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza niliwaza nikukatalie, kwa sababu kile kichwa hakikumletea mtu heri. Lakini tangu ukiwa mdogo ukishashika jambo huachii, na ukinikosa mimi utakwenda kumwuliza asiyejua.

Nimechora karatasi sita. Ubavu, tumbo, magurudumu, paa, chumba cha dereva cha mbele, na mabomba ya breki. Rangi ilikuwa kijani iliyokolea, na mstari wa njano kiunoni. Usiweke kijani cha majani, weka cha chupa. Feni ya juu ilikuwa na mapanga manane, la tatu lilipinda, tulilipinda sisi wenyewe siku ya kwanza tu.

Tuliita Vichwa Viwili kwa kuwa kilikuwa na chumba cha dereva kila upande. Vichwa vingine vyote vya karakana yetu vilikuwa na chumba kimoja tu, na vikifika mwisho wa safari ilikuwa lazima vigeuzwe. Hiki kilirudi kama kilivyokwenda. Kaka alikipenda kwa hilo. Alisema ni kichwa kisichompa mtu kisogo.

Chumba cha nyuma usihangaike nacho. Kijaze mbao, vioo vipake rangi nyeusi, hakuna atakayejua. Hakikutumika sana.

Na nakuomba mambo mawili. La kwanza, usimwambie kaka mpaka kazi iishe, iwe zawadi ya ghafla. La pili, usimwulize habari za siku ile. Moyo wake hautaki kuchokonolewa.

Ni mimi,
Baba yako mdogo

2 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Wewe si binadamu, wewe ni kabati la mafaili! Kila kipimo ulichonipa kimekaa. Magurudumu nimeyamwaga kwa shaba kama ninavyomwaga taji za meno, na yanazunguka yote. Panga la tatu la feni nimelipinda. Wateja wangu wanalalamika kwamba meno yao yanachelewa. Mmoja jana amefunua kitambaa mezani akidhani ni meno yake, akakuta tumbo la treni. Aliondoka kimya kimya na mfupa wa taya umemshuka.

Chumba cha mbele kimekwisha. Mkono wa breki nimeutengeneza kwa waya wa kubania meno, na unavutika kweli. Ukiuvuta, viatu vya breki vinabana magurudumu yote. Nilipouvuta mara ya kwanza nililia, sikufichi.

Chumba cha nyuma nimekijaza mbao kama ulivyosema, ila hakinipi raha. Baba ana vidole vya kuona. Atafika pale, akute ukuta, aniulize nimemfungia nini.

Habari za nyumbani: tarehe kumi na tatu mwezi ujao, siku ya ajali, inakuja tena. Unajua anavyofanya. Atavaa shati jeupe, akae karibu na mlango toka asubuhi, amngoje mama wa yule msaidizi aje kumtukana. Mama wa watu hajawahi kuja hata mara moja. Na Baba kila mwaka anavaa shati.

Je, kweli ulikaa naye kwenye ile kamati siku zote? Anasema ulikuwa umemshika mkono.

Mwanao,
Fundi Meno

9 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nilikaa naye siku zote nne. Ndiyo, nilimshika mkono.

Chumba cha nyuma kiache hivyo hivyo. Ukianza kubomoa utaharibu na paa. Nimewahi kuona kazi nzuri nyingi zikiharibiwa na mtu asiyejua pa kuachia.

Unaweza kunirudishia ile michoro? Nataka kuangalia jambo.

Baba yako mdogo

21 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Michoro nitakurudishia nikimaliza, usinihimize kama polisi. Kaa chini kwanza nikupe habari.

Nimepata picha! Yule karani mzee wa stesheni alikuwa na kamera, unamkumbuka? Amefariki zamani, lakini mjane wake amekuja kwangu kurekebisha meno ya chini. Akaona kichwa mezani, akasema, "Hiki si kile cha marehemu mume wangu?" Keshoye akaniletea picha kwenye bahasha ya kaki. Vichwa Viwili kinaondoka uwanjani, kimepigwa kutoka nyuma, jua linaingia moja kwa moja kwenye vioo vya chumba cha nyuma. Unaona ndani kama unavyoona sebule ya mtu aliyesahau kuvuta pazia.

Na mle ndani kuna mkono wa breki, Baba Mdogo. Sawasawa na ule wa mbele. Kiti, saa za kupimia, kila kitu. Nimecheka peke yangu. Uzee umekukuta mlangoni! Unakumbuka panga la feni, unasahau chumba kizima.

Basi mbao nimezitoa, na paa halikuharibika. Natengeneza chumba cha nyuma upya kwa kufuata picha. Kuna kitu kimoja tu sikijui. Kwenye ule mkono wa breki wa nyuma kuna kidude cha duara kinaning'inia kwa waya, kama kifuniko cha chupa. Nimekitazama kwa kioo changu cha kukuzia. Kina alama juu yake. Ni nini?

Nyuma ya picha karani ameandika tarehe na saa. Ni asubuhi ile ile, nusu saa kabla ya ajali. Ndani ya chumba cha mbele, upande usioonekana, Baba amekaa, na msaidizi wake yu hai.

Baba sijamwambia lolote. Ila amesikia harufu ya rangi, anauliza kama nimeanza kupaka watu meno ya kijani.

Mwanao,
Fundi Meno

27 Machi

Mwanangu, marahaba.

Hicho si kitu. Ni mwanga umepiga kwenye kioo. Picha za zamani zina madoa.

Usikiweke.

Hiyo picha nitumie niitazame mwenyewe, halisi, si nakala. Na usimwoneshe mtu mwingine. Mjane wa karani alisema chochote? Mume wake aliwahi kumwambia chochote?

Siku hizi silali vizuri mchana wala usiku, ndiyo maana mwandiko wangu uko hivi.

Baba yako mdogo

5 Aprili

Baba Mdogo, shikamoo.

Umeniogopesha. Mwandiko wako ulikuwa ukinyoosha mistari kuliko rula, sasa unatetemeka. Nenda hospitali tafadhali, usijifanye chuma. Kama hujisikii vizuri niambie, nitapanda basi nije nikuchukue ukae na sisi. Nyumba ni yako. Bila wewe nisingesoma, nisingekuwa na hii meza ninayoandikia. Baba alipofukuzwa kazi ni wewe uliyetubeba, na sijasahau hata siku moja.

Mjane hakusema chochote. Alikuwa na plasta mdomoni.

Lakini kuhusu kidude tusidanganyane. Mimi kazi yangu ni kutazama vitu vidogo. Doa halina tundu juu wala waya, na doa haliwezi kuwa na kivuli. Kile ni kisahani cha shaba, na kina namba. Ya kwanza ni moja, ya pili imekatwa na mwanga. Kwa hiyo nimekitengeneza. Ni kidogo kuliko punje ya mtama, nimekimwaga mara nne ndipo kikakubali. Namba moja nimeichonga kwa sindano, ya pili nimeiacha wazi. Kinaning'inia na kucheza ukikigusa. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyotengeneza, na sijui ni cha nini! Nadhani ni tambiko la madereva, au pambo. Baba ataniambia.

Kazi imekwisha. Nitampa Jumanne ijayo, tarehe kumi na tatu yenyewe, akiwa amevaa shati lake jeupe. Badala ya kungoja matusi, angoje hiki.

Natamani ungekuwepo.

Mwanao akupendaye,
Fundi Meno

11 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeipata leo. Naandika haraka, dereva wa lori la maziwa ameahidi kuipitisha posta ya huko. Usimpe kaka kile kichwa. Ukipata barua hii kabla ya Jumanne, usimpe. Kama huwezi kukiahirisha, kikwanyue kile kisahani ukitupe.

Kile kisahani ni changu. Namba ya pili ni saba.

Kila fundi wa karakana ile alikuwa na kisahani chenye namba yake. Ukifunga koki ya hewa ya breki, breki zisifanye kazi, ili uingie chini, unapanda chumbani kwa dereva, unakitundika kwenye mkono wa breki. Dereva akipanda akikiona, haondoi kichwa hata aamriwe na nani. Na ulikuwa mwiko mkubwa, hata bosi hakuthubutu kuuvunja: kisahani hakiondolewi na mtu yeyote isipokuwa yule aliyekitundika.

Asubuhi ile nilifunga koki ya magurudumu ya nyuma ili nibadilishe viatu vya breki. Nikapanda, nikatundika kisahani, nikashuka. Miaka kumi na mmoja mkono wangu ulikuwa unafanya hivyo bila kuniuliza, kwenye vichwa ambavyo karibu vyote vilikuwa na chumba kimoja, mkono mmoja wa breki. Nilipanda chumba kilichokuwa karibu nami. Kilikuwa cha nyuma. Cha mbele sikukikumbuka, na ilitakiwa kisahani kiwe huko.

Honi ya chai ikalia. Kichwa cha zamu kikaharibika ghafla, wakamwita kaka achukue Vichwa Viwili. Alipanda mbele. Alijaribu breki palepale uwanjani, na za mbele zikashika, zikatosha, maana uwanja ule ni tambarare. Akaondoka na msaidizi wake tu, bila mabehewa, na nusu ya breki, kwenda kwenye ule mteremko.

Nilimsikia akiondoka, mwanangu. Nilimjua kwa honi yake. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikajiambia si hicho, ni kingine. Nilimaliza chai.

Nilifika kule na mafundi wa uokozi. Chumba cha mbele kilikuwa kimekunjamana. Cha nyuma hata kioo hakikupasuka, na kisahani changu kilikuwa palepale nilipokiacha. Nikakitia mfukoni, nikashuka, nikafungua koki. Kaka alikuwa bado anatolewa. Ndiyo maana kamati ilikuta breki nzima. Nilikiondoa mimi niliyekitundika, kwa hiyo hata mwiko sikuuvunja. Hilo nimejiambia kwa miaka ishirini na sita.

Kila nilichokufanyia umekiita upendo. Kilikuwa upendo, nakuapia, lakini hakikuwa upendo peke yake. Nilikuwa nikikutazama ukisoma, napumua. Likizo ikifika nikimwona kaka anavuta hewa, napotea mimi, nasema nina kazi.

Nimefunga begi mara mbili leo, nikalifungua mara mbili. Kisahani kiko kwenye mfuko wa shati ninalovaa sasa hivi. Nimekuwa nikikihamisha shati kwa shati. Mke wangu, Mungu amrehemu, alidhani ni hirizi.

Usimpe. Nipe nafasi nimwambie mwenyewe. Nikishindwa, mwache afe bila kujua kwamba ni mimi. Ni afadhali ajione yeye mzembe kuliko anione mimi hivi nilivyo. Nimeiandika hiyo sentensi, nimeitazama, na bado siifuti. Hapo ndipo nilipofika.

Baba yako mdogo

17 Aprili

Baba Mdogo,

Sijakuamkia, na unajua kwa nini.

Barua yako imefika Alhamisi. Baba nilikwishampa Jumanne.

Nitakueleza ilivyokuwa. Alikuwa amekaa karibu na mlango na shati lake. Nikamwekea kichwa mapajani. Akaanza na magurudumu. Akapanda ubavuni, akafika kwenye feni, akahesabu mapanga. Kwenye la tatu akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Mdogo wangu ndiye aliyekuchorea hiki. Wahuni wale walilipinda siku ya kwanza." Akakutaja kwa raha, Baba Mdogo, jinsi anavyokutaja siku zote.

Akaingia chumba cha mbele. Akaingiza ukucha chini ya mkono wa breki, akavuta, akasikia viatu vinabana magurudumu. Akarudia. Akaanza kulia pole pole, nami nikadhani ndiyo imekwisha, zawadi imefika.

Kisha akahamia nyuma. Kidole kikagusa kile kisahani, kikasimama.

"Hiki umekitoa wapi?"

Nikamwambia, kwenye picha.

"Picha ya lini?"

Nikamsomea tarehe na saa ya karani. Chai yangu ilipoa, na ya kwake ikapoa. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti, kama mtu anayehesabu mataruma ya reli. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo nilivuta."

Nikamwambia, "Ndiyo, Baba," bila kujua naitikia nini.

"Nilivuta mapema. Nilivuta pale pale panapostahili." Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya paa la kichwa, umetulia. Haujavuta tangu siku ile, Baba Mdogo. Hata mara moja.

Kisha akauliza, "Kina namba ngapi?"

Nikasema moja, na ya pili haionekani.

Akasema, "Saba."

Hakusema zaidi ya hapo kutwa nzima, na mimi mjinga nilidhani amekumbuka namba ya treni. Barua yako ilipofika niliisomea jikoni. Nimekukasirikia mpaka meno yanauma. Nimekumbuka kila mara ulipokuja shuleni kunitazama ukiwa umesimama mbali karibu na geti, ukinipungia mkono, nami nikiwaonesha wenzangu, yule ndiye baba yangu mdogo. Nakupenda bado, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Nilimsomea Baba barua yote. Sikuruka neno, hata ile sentensi usiyoifuta. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie pale uliposema ulimaliza chai. Nikarudia.

Nikaona anateseka, nikanyoosha mkono nikakiondoe kile kisahani, walau kisiwe chini ya kidole chake. Akanipiga kofi la mkononi. Hajanipiga tangu nizaliwe.

Amekaa na kichwa mapajani tangu Jumanne, anakula nacho, shati jeupe hajalivua. Daktari alikuja jana, akamsikiliza kifua, akaniangalia akatikisa kichwa. Kwa hiyo usifungue begi tena.

Ameniambia niandike maneno haya kama alivyoyasema, nami nayaandika:

"Mwambie mdogo wangu mama wa msaidizi wangu bado yu hai, nyumba naijua, na safari hii tutakwenda sisi, tusimngoje yeye. Na mwambie namngoja mlangoni. Kisahani chake kiko kwenye mkono wa breki, na mimi siondoki na kichwa chenye kisahani. Aliyekitundika aje akiondoe."

Fundi Meno